Ukanda Niliomfunga Elisha

Siku ile nilikuwa napalilia viazi mbele ya nyumba, Faida yuko mgongoni. Jua lilikuwa limetoka vizuri, na kwetu milimani jua la namna hiyo si la kila siku, kwa hiyo nilikuwa nimeanika blanketi zote juu ya ua. Wanaume wawili walipita njiani wakasimama. Hawakuomba maji wala hawakuuliza habari. Waliuliza kama tunauza mbuzi.

"Ule mweupe," alisema mmoja.

Mume wangu Elisha alikuwa ananoa jembe. Alicheka. "Ule? Ule ni Muzungu wetu. Mbele ya kumukula, mumuombe viza."

Wale hawakucheka. Walimtazama mbuzi, wakamtazama na Elisha, wakaenda zao. Kesho yake walikuja wengine, kutoka ng'ambo ya mto, na swali lao lilikuwa lile lile.

Baada ya wiki mbili mbuzi weupe, isipokuwa wetu, walikwisha. Weusi walibaki, wa madoadoa walibaki. Hakuna aliyetamka neno vita. Lakini mimi kila asubuhi nilitazama mlima wa pili, ambako zamani mbuzi walionekana kama mahindi yaliyomwagika, na sikuona kitu cheupe hata kimoja.

Lazima nieleze. Mwami wetu, chifu wa milima ile, alikuwa amekufa, akaacha wana wawili wa mama mmoja. Majina yao sitayaandika, kwa sababu watoto wao na watoto wetu leo wanaimba katika kwaya moja. Sisi tuliwaita Mkubwa na Mdogo. Mkubwa alidai kiti kwa kuwa alizaliwa kwanza. Mdogo alisema baba yao alimwachia yeye kabla ya kukata roho. Labda wote wawili walisema kweli. Mimi sikuwapo. Kila mmoja alipata vijana, na vijana walipata bunduki, maana miaka ile bunduki kwetu ilipatikana kuliko chumvi.

Siku ya kubariki mbegu, Mwami alikuwa akivaa ukanda wa ngozi ya mbuzi mweupe mkononi, na watu wake walivaa hivyo hivyo. Sasa kila ndugu alisema ukanda ni wake. Hakuna aliyekubali watu wake wavae alama nyingine, maana kuacha ukanda ilikuwa kama kuacha kiti. Tofauti ikawa moja tu. Watu wa Mkubwa walifunga mkono wa kuume. Watu wa Mdogo walifunga mkono wa kushoto.

Lugha ilikuwa moja, makoti ya mvua yalikuwa yale yale, nyimbo za kanisani zile zile. Mtu ukikutana naye kwenye ukungu, ulitazama mikono.

Sisi tulikuwa wa Mkubwa. Hatukufikiri sana. Nyumba yetu ilikuwa upande wake wa mto, basi.

Elisha hakumuuza Muzungu. Alimchinja mwenyewe siku alipoitwa na watu wa Mkubwa. "Afadhali mkono anaoujua," alisema. Mimi niliparua ngozi, nikaianika, nikakata ukanda wa upana wa vidole viwili. Nyama tulikula jioni.

Vita vilikuja asubuhi, wakati nawasha moto.

Kwanza filimbi. Halafu mbwa wote wa kilima kwa mara moja. Halafu kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya zaidi.

Elisha alisimama mlangoni. Panga alikuwa amelibana kwapani, mikono yote miwili alininyoshea.

"Funga upesi."

"Upande gani?"

"Kuume, Mama Faida! Kuume!"

Nilikuwa nimesimama uso kwa uso naye. Faida alikuwa analia mgongoni. Nilifunga juu ya koti, mafundo mawili, nikavuta kwa meno. Yeye hakutazama. Macho yake yalikuwa juu ya kichwa changu, kule mlimani.

"Pita njia ya msitu," alisema. "Nitakukuta."

Akaingia kwenye ukungu. Hatua kumi, sikumwona tena.

Risasi zilianza mtoni. Si nyingi. Niliweza kuzihesabu, na nilizihesabu: saba.

Nikakimbia.

Siku ya tatu, mdogo wake Elisha, shemeji yangu Yeremia, alitukuta msituni. Yeye alikuwa amepigania upande wetu, mtoni. Ukanda alikuwa ameshautupa. Alikaa mbali kidogo nami, kama mtu mwenye ugonjwa.

"Elisha amekufa," alisema. "Nimemuzika kulekule, kwenye kivuko."

"Nani alimuua?"

"Usiniulize, Mama Faida. Tafazali."

Nilidhani ni huzuni. Nilimheshimu, sikuuliza tena.

Kijiji chetu kiliungua, na cha ng'ambo kikaungua pia. Sitaandika yote niliyoyaona njiani. Tulivuka mpaka, tukakaa kambini miaka mingi, na Mkubwa mwenyewe alifia humo humo kwa malaria, ndani ya hema kama letu. Mwishoni ndege zilituvusha bahari, zikatugawa katika miji. Yeremia alipelekwa Louisville. Mimi na Faida tulipelekwa Buffalo, West Side, katika nyumba ya mbao inayolia upepo ukivuma.

Kila mwaka watu wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo hukutana Columbus, katika kanisa moja la Morse Road, kwa sababu liko katikati. Wanaomba, halafu yanasomwa majina ya waliokufa upande wetu. Orodha iko kwa Yeremia, katika daftari la jalada la buluu. Mwaka wa kwanza nilisikiliza mpaka mwisho. Jina la Elisha halikusomwa. Nilidhani amesahau kwa uchungu. Mwaka wa pili halikusomwa. Nilimpigia simu.

"Bon," alisema. "Mama Faida, mambo mingine tuyaache."

"Ni kaka yako, shemeji."

"Ndiyo maana ninanyamaza."

Faida alikuwa ameshakuwa mkubwa. Katika gari, tukirudi Buffalo, aliniuliza kwa Kiingereza chake kama baba yake alifanya jambo baya. Nilimwambia hapana. Akauliza tena, kwa Kiswahili safari hii, polepole: "Sasa mbona hawamutaji?" Niliona anatazama nje ya dirisha, na nikajua ameanza kumwonea baba yake aibu, mtu ambaye hakumbuki hata sura yake.

Mwaka jana nilipata kazi ya kutunza wazee huko Cheektowaga. Kabla ya kazi kuna mafunzo. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo nilikaa mbele ili nisikie vizuri. Mwalimu wetu, mwanamke Mburundi aliyefanya kazi hiyo muda mrefu, alileta bangili za plastiki. Alisema kuna wagonjwa ambao mkono mmoja haufai kuchomwa sindano, na mkono huo hufungwa bangili ili wauguzi waone. Mwenzangu mmoja akakaa kwenye kiti, mimi nikasimama mbele yake.

"Mfunge mkono wa kuume, mama."

Nilimfunga.

Mwalimu alikuja, akatazama, akatabasamu. "Mkono wake, mama. Si mkono wako. Umemfunga kushoto. Wengi hukosea hapo, kwa sababu mnatazamana."

Nilitazama bangili. Nilitazama mkono wangu mwenyewe, ule ulioelekeana nayo, ule ninaoshikia kijiko.

Nikakaa chini, sakafuni.

Walifikiri sukari imeshuka. Waliniletea juisi. Sikuweza kuwaambia kwamba nilikuwa mlangoni kwetu, na ukungu, na mafundo mawili, na meno yangu juu ya ngozi ya Muzungu.

Tangu siku ile sikulala vizuri, lakini nilielewa. Nilielewa kivuko, nilielewa zile risasi saba, na kwa nini Yeremia alikaa mbali nami msituni. Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa pale mlangoni, isipokuwa mtoto wa mgongoni. Lakini kunyamaza kulimaanisha Elisha abaki nje ya daftari, na Faida abaki na aibu isiyokuwa yake.

Nilingoja mkutano wa Columbus. Tulifika mapema. Yeremia alikuwa amesimama nje ya kanisa, karibu na magari, daftari kwapani. Amezeeka. Kiwandani Louisville anabeba sanduku, na bega moja limeshuka.

"Shemeji," nilimwambia, "ulipomzika Elisha, ukanda ulikuwa mkono gani?"

Alitazama kama kuna mtu anasikia.

"Ulikuwa wa kushoto," nilisema. "Si ndiyo?"

"Ulijuaje?"

"Kwa sababu nilifunga mimi."

Nilimweleza. Nilimsimamisha mbele yangu nikamwonyesha kwa kitambaa cha kichwa. Nilisema, kuume, na mkono wangu ukaenda wenyewe kushoto kwake, kama siku ile. Alitazama kitambaa kwenye mkono wake.

"Hakwenda kwa Mdogo?" aliuliza.

"Hakwenda kwa mtu. Alikuwa anakuja kwenu."

Halafu alisema neno ambalo nilikuwa nimelikimbia tangu mafunzo yale.

"Tulikuwa wane kwenye kivuko. Kulikuwa kiwingu, sura hatukuona. Tulikuwa tunaangalia mikono tu. Tuliona mukanda ya kushoto." Alikifungua kitambaa. "Wote tulipiga, Mama Faida. Wote wane. Kisha nikaenda kumugeuza."

Nilimshika mkono. Hatukulia. Watu walikuwa wanashuka kwenye magari, wanaitana, mtu anamtania mwenzake kwamba Columbus imemnenepesha.

"Miaka yote nilisema, kaka yangu alitusaliti," alisema. "Ilinisaidia kulala. Sasa nitalala namna gani?"

Nilikuwa nimekuja kumwondolea Elisha mzigo, na nikamwona Yeremia akiupokea mbele ya macho yangu.

"Usimwambie mutoto," aliniomba. "Sema ni wale wengine. Donc, wamekufa wengi, mumoja zaidi si kitu."

Kusema kweli nilitamani kukubali. Watu wa Mdogo wangeweza kuubeba mzigo huo. Lakini Mdogo mwenyewe anaishi hapo hapo Columbus. Anafunga maboksi kwenye ghala, nilimwona asubuhi ile dukani akichagua unga wa muhogo, mzee kama wazee wengine. Kiti kile walichopigania amekikalia mpwa wao ambaye hakushika hata fimbo. Niliona hawa watu wana dhambi zao za kutosha bila kuongezewa yetu.

"Andika jina kwanza," nilimwambia.

Aliweka daftari juu ya boneti ya gari. Kalamu ilikataa mara mbili. Aliandika mwishoni, maana nafasi katikati haikuwepo.

Ndani, alisoma kama kila mwaka, jina, kimya kidogo, jina. Alipofika la mwisho sauti ilipotea. Akarudia. "Elisha. Mutoto ya mama yangu."

Basi. Ilichukua muda wa pumzi moja.

Faida aliniinamia sikioni. Alitaka kujua ni nani aliyemuua.

Mbele, Yeremia alikuwa bado amesimama na daftari wazi, anatutazama. Nilimtazama na yeye. Halafu nilimtoa Faida nje, tukakaa kwenye ngazi za kanisa, nikamwambia nitasema yote, na kwamba asinikatize, na kwamba mwisho wake atakuwa na haki ya kunikasirikia mimi na baba yake mdogo wa Louisville.

Nilianza na mbuzi.