Kikosi Changu Kilimficha Mdogo Wangu Bila Kuniambia

Admini, nifichie jina, na wenzangu mnisome bila haraka. Visa vya watu humu nimevisoma miaka mingi, sikujua kwamba changu kingefika.

Nina miaka arobaini na mbili, nimeachika, nina binti mmoja wa sekondari. Nimezaliwa Old Kampala, katika familia ya Kiislamu ya watu wa pwani waliokuja huku zamani kwa biashara, ndiyo maana Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani. Mimi ni polisi, mpelelezi. Kituo sitakitaja, na majina nitakayoyataja si ya kweli.

Miaka mitatu iliyopita nilipewa chumba cha nyuma, jirani na stoo, pamoja na watu watatu waliokataliwa na kila kitengo. Mzee Okello alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na asubuhi alinuka pombe ya waragi. Nabirye alimshtaki mkubwa wake kwa kumsumbua kimapenzi, na tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kufanya naye kazi. Musa ana kigugumizi kikali, watu walikuwa wakimkatiza kabla hajamaliza kutoa taarifa. Nilijua nimepewa hao ili nishindwe.

Nabirye ndiye aliyetuletea tamthilia ya Kijapani kwenye laptopu yake. Ilihusu mpelelezi mwanamke aliyekabidhiwa maofisa ambao hakuna aliyewataka. Tulicheka mpaka Mzee Okello akapaliwa na chapati. Ikawa desturi yetu, mchana tunakula kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharage, huku tunatazama, Musa akitusomea kwa sauti tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, na hakuna aliyemharakisha. Wakaanza kuniita Bosi wa Japani. Na kazi tuliifanya. Kesi zilizolala miaka tulizifungua, tukampata hata mtoto aliyepotea sokoni. Kwa mara ya kwanza tangu niachike nilikuwa naamka na hamu ya kwenda kazini.

Mwezi wa pili mwaka huu, alasiri ya mvua kubwa, gari lilimgonga mama mmoja Mkenya pale Nateete, fundi wa cherehani, likakimbia. Alifariki siku ya tatu. Kesi ikaja kwetu. Shahidi mmoja alisema gari lilikuwa dogo, jeupe, la mizigo, hakuona zaidi. Mzee Okello akaokota barabarani kipande cha taa ya mbele, akaanza kuzunguka nacho kwenye magereji. Baada ya wiki mbili akaniambia hakupata kitu. Nilimwamini.

Mume wa marehemu huja kila Jumatatu. Hukaa kwenye benchi, kofia mapajani, mpaka nitoke. Hagombi. Mara ya kwanza aliniambia, "Afande, watu wamenihakikishia kikosi chako hakishindwi. Mimi nitangoja." Kila Jumatatu namjibu kwamba uchunguzi unaendelea.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama yangu. Mama ana kisukari, anaishi na mdogo wangu wa mwisho, anayeuza vipuri vya magari. Yeye ndiye humpeleka hospitali, humdunga sindano, humpikia. Tulikuwa tunachambua mchele, mama akaniambia nimfikishie salamu yule mzee wa kazini. Nikauliza mzee yupi. Akasema, "Si yule aliyekuja kuzungumza na mdogo wako habari za gari lake jeupe? Watu wako wana adabu, mwanangu. Tangu siku ile mdogo wako amekuwa mtulivu, gari lenyewe ameliuza."

Niliendelea kuchambua mchele. Nilitoa mawe yote.

Mdogo wangu aliporudi nilimuuliza. Hakukataa. Alisema mvua ilikuwa kubwa, alisikia kishindo, akaogopa kusimama. Aliniambia Mzee Okello alimwagiza asimwambie mtu yeyote, hasa mimi. Alilia sana. Mimi nilikuwa namtazama tu kama mtu niliyekuja kumhoji.

Kesho yake nilifunga mlango wa ofisi nikawauliza wote watatu. Mzee Okello akafungua droo yake, akatoa kipande cha taa kilichofungwa kwenye gazeti, akakiweka mbele yangu. Hakuwa na moyo wa kukitupa. Akasema, "Bosi, ulitupokea wakati hakuna aliyetutaka. Tungekulipa nini kingine?"

Musa aliinama. Ni yeye aliyeiondoa kwenye faili taarifa ya fundi wa gereji aliyelitambua gari. Nabirye alikuwa amejua wiki nzima kabla yangu. Akaniambia, "Ukisema niseme, nitasema. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza. Lakini neno litoke kwako."

Niliwaambia waende wakale.

Tangu siku hiyo ni kama nimechomwa sindano ya ganzi. Nakula, sijui nimekula nini. Binti yangu ananiita mara mbili ndipo namsikia. Sijalia hata chozi. Tamthilia hatutazami tena, kila mtu anakula mezani kwake.

Sasa mkubwa wangu anataka kesi ifungwe kwa kukosa ushahidi. Ijumaa anataka sahihi yangu. Nikikataa nikatoa kipande kile, mdogo wangu anafungwa, na mama sijui nani atamdunga sindano. Mzee Okello ataingia jela badala ya kustaafu, Musa atamfuata, na Nabirye ataulizwa kwa nini alinyamaza. Nikitia sahihi, wote wanabaki, nami nabaki kuwa bosi wao.

Msiniambie nimwachie Mungu, kwa sababu kalamu iko mkononi mwangu mimi. Nielekezeni, ndugu zangu, nifanye nini? Na mtakaosema nitie sahihi, naomba mniambie pia maneno ya kumwambia yule baba Jumatatu, atakaponyanyuka kwenye benchi, kofia mkononi.