Siku Wanafunzi Wangu Waliponichoma Sindano

Miaka ile ya hamsini, hospitali yetu ya Kamina iliniachia wanafunzi watatu wa uuguzi niwafundishe wodini. Nilitembea mbele yao kifua mbele, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza shingo. Asubuhi moja nilimkemea mchochea makaa wa gari moshi, mtu wa Luena, kwa sababu alipiga kelele alipochomwa sindano.

"Mwanaume mzima!" nikamwambia, huku wanafunzi wakisikiliza kwa heshima.

Kesho yake malaria iliniangusha palepale wodini. Daktari alinipima, akacheka. "Una wanafunzi. Wakutibu wao."

Wakanilaza kitanda cha jirani na yule wa Luena. Aliyekabidhiwa sindano anichome alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu, kijana wa Kinkondja, mpole, ambaye siku zote nilimwambia mikono yake ni mizito. Nililala kifudifudi, suruali imeshushwa, nikaendelea kufundisha.

"Umechemsha sindano? Gawanya tako sehemu nne! Juu, upande wa nje! Wa nje, nimesema!"

"Mwalimu, leo weye iko mugonjwa," alisema taratibu. "Lala tu."

Spiriti ikanigusa, baridi. Nikakaza mwili wote kama ubao, nikashika chuma cha kitanda, na sauti ikanitoka ambayo sikujua ninayo. Hata sindano haijafika! Mtu wa Luena alijifunika blanketi usoni. Kitanda chake kikawa kinatikisika kwa kicheko.

Kijana akangoja. Kisha akauliza, "Mama ku nyumba atapika nini leo?"

Hapo nikasahau. Nikamweleza ugali wetu wa bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki mkavu, na jinsi mke wangu anavyozidisha pilipili nikimwudhi. Nilikuwa bado kwenye pilipili aliposema, "Njo imeisha."

"Imeisha nini?"

"Sindano, mwalimu."

Jioni homa ilipopungua nilimwita, nikamsifu mbele ya wenzake kwa ujanja wake wa kumtuliza mgonjwa. Nilikuwa tayari kuufanya somo. Akainamisha kichwa.

"Hapana, mwalimu. Miye njo mwenye nilikuwa na woga. Nilitaka tu kusikia muntu anaongea, ili mikono yangu iache kutetemeka."

Mimi nikacheka mpaka tako likaniuma, nikamwomba anigeuze upande wa pili. Alinigeuza vizuri sana, kwa mikono ileile niliyoiita mizito.