Propela ya Gari Langu na Jicho la Mama

Siku moja ya mvua niliinama nikachungulia chini ya gari langu mwenyewe, nikakuta halina uti wa mgongo.

Sitanii. Kile chuma kirefu kinachotoka mbele kwenda nyuma hakikuwepo. Na nilikuwa naliendesha hivyo hivyo kila siku, napiga honi, najiona na mimi mwenye gari.

Wacha niwasimulie. Nimekaa na jambo hili mpaka limenikaba.

Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya nyumba za wageni, nayapiga pasi, nayapeleka mwenyewe. Kwetu tumezaliwa wawili, kaka na mimi. Baba alishatangulia. Mama naishi naye mimi, na mjue kabisa kwamba hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Ilitokea tu, kama mambo ya watoto wa kike yanavyotokea.

Kaka, Mama humwita "Baba". Mimi huniita "wewe".

Mama alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakufa zamani, akabaki na la kulia. Daktari wake, mama mmoja mpole, alinivuta pembeni akaniambia siku Mama akilalamika jicho na kichwa kwa pamoja, nisimpe dawa ya maumivu nikangoja kesho. Nimlete siku hiyo hiyo. Jicho la aina ile likipandisha presha linaweza kuzima kabla jua halijazama.

Sasa hospitali ya macho iko juu ya kilima, na barabara yake ni udongo wa mfinyanzi. Kiangazi unapanda na gari lolote. Mvua ikinyesha, hata pikipiki zinarudi.

Ndiyo maana nilinunua gari la kuvuta tairi zote. Watu walinicheka, wakasema dobi wa lami anataka gari la porini. Nikawaacha wacheke. Nilikuwa nanunua jicho la mama yangu.

Hapa nieleze kidogo, maana kisa chote kimelala hapa.

Wengi wanadhani gari kama lile linavuta kwa miguu minne saa zote. Langu halikuwa hivyo. Kwenye lami, karibu nguvu yote ya injini inakwenda tairi za mbele. Za nyuma zinafuata tu, kama mtoto anayevutwa mkono sokoni.

Lakini za mbele zikianza kuteleza, kompyuta inashtuka. Huko nyuma karibu na difu, ile gia inayozungusha tairi za nyuma, kuna kitu kinaitwa kopla, ndani yake sahani zimepangwa. Kompyuta inazibana zile sahani, na sehemu ya nguvu inapitia kwenye propela, kile chuma kirefu, inakwenda kusukuma tairi za nyuma. Mbele wakizidi kushindwa, nyuma wanaongezewa kazi. Mbele wakishika njia, sahani zinaachia.

Kwa hiyo mtu akiitoa propela, kwenye lami hutajua. Gari litaenda vizuri kabisa, na ulaji wa mafuta utapungua kidogo. Utakuja kujua siku ya shida.

Kaka naye alikuwa na gari kama langu, toleo lile lile. Jioni moja nimetoka kazini nimechoka, namkuta kwetu anakunywa chai, na gari langu, nililoliacha nyumbani siku hiyo, limeoshwa linameta. Mama anamtazama kama vile amejenga shule. Nikamshukuru. Nikamwongezea na chai.

Kesho yake nikaona taa ya onyo imewaka kwenye dashibodi. Nikampigia. Akasema ni sensa imeingia maji wakati wa kuosha, itakauka. Nikaamini. Nani anamshuku ndugu yake kwa sababu ya kuoshewa gari?

Mvua zikaja.

Asubuhi moja namkuta Mama amekaa kitandani kashika kichwa, ametapika, anasema taa ya chumbani ina duara za rangi. Sikuuliza swali la pili. Nikambeba mpaka garini, tukaondoka.

Njia nzima Mama hakusema neno. Nikadhani ni maumivu.

Tukafika kwenye mwinuko. Gari likapanda kidogo, tairi za mbele zikaanza kuzunguka bure. Mimi nikatulia, maana nalijua gari langu. Hapo ndipo huwa nasikia kama mtu ameweka mkono mgongoni na kusukuma.

Nikangoja ule mkono. Haukuja.

Nikaongeza moto. Mbele tope linaruka, gari linarudi kinyumenyume. Nikashuka kuangalia. Tairi za nyuma zimetulia kimya, hazijachimba hata alama, wala habari hazina. Nikainama, ndipo nikaona pale propela ilipotakiwa kuwa pana nafasi tupu na boliti hazipo.

Nilipiga yowe ambalo silijui lilitoka wapi.

Wenye pikipiki pale chini wakasema hawapandi, wana watoto. Nikafunga khanga, nikamweka Mama mgongoni, nikaanza kupanda kwa miguu. Tuliteleza, tukaanguka, tukainuka. Nilipanda hatua mbili tope likanirudisha moja. Kila tulipoanguka Mama aliniomba msamaha, na mimi nikamwambia anaomba msamaha wa nini, si kosa lake.

Tulifika jua limeshageuka. Daktari alifanya kila alichoweza, akampasua siku hiyo hiyo. Kisha akaja kukaa nami kwenye benchi. Alisema presha ilikaa juu kwa muda mrefu mno na mshipa wa jicho umekufa. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata angalau mtu wa kugombana naye.

Mama hataona tena.

Kesho yake fundi wangu alikuja kulivuta gari. Huyu ndiye peke yake anayeingia chini ya lile gari, kwa hiyo nilimwendea mzima mzima. Nilimwita mwizi mbele za watu, nikamwambia amemtoboa mama yangu jicho. Yeye akasimama na spana mkononi, ananishangaa.

"Dada, si wewe uliyemtuma kaka yako?" akasema. "Alikuja na ufunguo wako wa akiba. Akasema umeamua itolewe upunguze mafuta, niifunge kwenye gari lake, maana ya kwake ilikuwa inagonga."

Watu kibao hutoa propela kwa sababu hiyo, na yeye ameshazitoa nyingi. Hata hivyo alimwonya kaka kwamba kilimani nitakwama. Kaka akamjibu kwamba siku hizi sipandi kilima, Mama amepona.

Nilimpigia kaka palepale. Akasema gari lake ameshaliuza, mnunuzi alikuwa mtu wa shamba, alitaka kulijaribu kwenye matope kwanza, asingeweza kumpelekea gari linalogonga. Propela imeondoka na gari. Halafu akaniuliza mbona nakuza mambo, wakati gari langu linatembea kwenye lami maisha yake yote.

Kuhusu jicho aliuliza baadaye.

Nikapanda kilima mpaka wodini. Mama amelala, bandeji usoni. Nikamweleza yote. Nikamwambia mwanao aliiba ufunguo kabatini kwako, na leo hii nakwenda polisi, undugu umekwisha.

Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Hakuiba," akasema. "Ufunguo nilimpa mimi."

Nilikaa chini sakafuni, na kiti kilikuwepo.

Akaeleza taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto. Kaka alimwambia tairi za nyuma hazivuti, zinafuata tu. Mteja alikuwa anataka kumkimbia. Mama akaona mimi sitapungukiwa na kitu.

Nikamuuliza swali moja tu. Jana asubuhi ulijua tunakwenda wapi. Ulijua gari halina kitu chini. Mbona ulinyamaza, Mama, na jicho ni lako?

"Ningesema ungemchukia ndugu yako," akasema. "Halafu nilijua utanifikisha tu. Wewe huwa hushindwi."

Na aliyasema kwa sauti ya kunisifu. Hilo ndilo lililoniua. Aliweka jicho lake la mwisho kwenye mizani, upande wa pili akaweka sifa ya kaka, na mgongo wangu akauhesabu kuwa barabara.

Polisi sikwenda. Nani angemwongoza chooni wakati mimi nahangaika na mahakama?

Siku hizi namwogesha, namvalisha, namketisha dirishani apate jua. Leo nilikuwa namchana nywele, akaniuliza kama Baba ameshapata gari jingine. Nikamwambia sijui. Akasema nimsaidie kutafuta, maskini, anahangaika kwa miguu.

Nikaendelea kuchana.

Somo langu ni fupi, na uchukue au uache. Kuna watoto wa kupendwa na kuna watoto wa kutegemewa, na mzazi anaweza kuwa nao wote wawili nyumba moja asione tofauti. Siku mzazi wako akikwambia "wewe ndiye tegemeo langu", usikimbilie kufurahi.