Damu Niliyomsingizia Mbuzi

Nakumbuka asubuhi moja nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Wote, Mwende, mke wa mwanangu, alinijia na suruali yangu mkononi.

"Baba, hii damu imetoka wapi?"

"Ni ya mbuzi."

"Mbuzi yupi? Wanne hawa hapa, wananiangalia."

Kijana unayenisikiliza, ukweli ni huu. Mkojo wangu ulikuwa mwekundu siku ya tano hiyo. Lakini kwetu Ukambani baba mkwe hamwelezi mke wa mwanawe habari za mkojo, na ni yeye aliyekuwa akinipeleka kliniki, maana mumewe anafanya kazi mbali. Nilikuwa nameza dawa ya kuzuia damu isigande, baada ya kuganda mguuni. Kila mwezi nilitakiwa kupimwa, ijulikane kama dawa haijazidi. Miezi miwili nilikwepa. Nilimwambia Mwende tumalize matuta ya shamba kwanza, mvua iko karibu. Mgongo ulipouma kwa kuchimba, nikanunua vidonge vya maumivu katika duka moja mjini Emali bila kumuuliza mtu.

"Aibu yako utazikwa nayo," Mwende alisema, machozi yakimlengalenga. "Mimi ndiye nitakayeulizwa nilikuwa wapi. Vaa viatu, Baba."

Nikavaa.

Daktari alinieleza kwamba dawa ilizidi, vidonge vile vya maumivu vikaongezea, na damu ilikuwa nyepesi mno, ikavuja ndani ya figo na kuziba vijia vyake. Nililazwa. Figo zilirudi kufanya kazi, ila si kama zamani; zikiumia tena, huenda nikaishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo niliiandika kwenye mtihani wa sekondari nikapewa alama zote, na sikuwa nimeielewa.

Tangu hapo sijakosa kupimwa. Mvua inyeshe, matuta yangoje. Mkojo ukibadilika rangi namwambia Mwende. Namwambia nikitazama chini, lakini namwambia.

Kwa hiyo, kijana wangu, ukipewa dawa hiyo usiiache kwa woga, wala usiimeze kwa mazoea. Nenda upimwe siku uliyopangiwa. Usiichanganye na vidonge vya dukani kabla ya kuuliza. Ukiona damu, sema siku hiyo hiyo, kwa yeyote aliye karibu. Adabu yetu ni njema, lakini haikuwekwa ili ituue.

Mungu akupe mtu kama Mwende nyumbani mwako, na akupe ulimi wa kumwambia ukweli mapema.