Baiskeli Iliyomtosha Kaka

Kaka yangu alipoondoka Kigali kwenda Kanada, aliniachia funguo za nyumba ya Kicukiro, jiko la gesi na baiskeli yake ya mbio. "Tunalingana, dogo," alisema, tayari amevaa koti zito la huko aendako. "Hata kiti usikiguse. Nikirudi niikute hivyo hivyo."

Sikukigusa. Chuoni nilijulikana kwa kumuuliza kila mhadhiri amejuaje anayoyajua, lakini hilo sikuliuliza. Tulikuwa tunalingana kweli. Mwanza, tulikokulia, mama alimpeleka kaka peke yake kwa fundi cherehani. Fundi akampima mmoja, akashona sare mbili. Suruali zangu ziliishia juu ya vifundo vya miguu, na mashati yalinifika karibu na magoti, lakini tukisimamishwa ukutani vichwa vyetu viligonga alama moja. Mama aliwaita majirani waje kuona.

Zile Jumapili ambazo asubuhi magari huzuiwa barabarani ili watu wafanye mazoezi, nilitoka na baiskeli. Mji mzima huwa nje siku hizo, wengi wakiwa wawili wawili au kwa makundi. Kinyarwanda changu ni cha kununulia nyanya. Waendesha baiskeli wakinisalimu najibu, na maongezi yanaishia hapo. Kwa hiyo nilipanda vilima peke yangu, na kila nilipofika juu ya mlima wa mwisho kabla ya nyumbani, shingo ilikuwa imekakamaa na viganja vimekufa ganzi. Nilisimama, nikakung'uta mikono, nikamrekodia kaka ujumbe: "Baiskeli yako inaniua."

Jibu lilikuja nikiwa nimeshaoga. "Uzembe huo. Kaza tumbo."

Karibu maongezi yetu yote yalikuwa hayo.

Nilisogeza kiti mbele kidogo, nikijisikia mwizi. Mikono ikapata nafuu, magoti yakaanza kuuma. Nikakirudisha. Kisha nikatafuta majedwali ya vipimo mtandaoni. Yaliuliza urefu wangu tu, basi, kana kwamba mtu ni nguzo ya umeme, na yote yakanipa fremu hiyo hiyo niliyokuwa nayo. Kwa nini mwili wangu ukatae jambo ambalo kila jedwali linalikubali?

Niliamua kujipima mwenyewe. Mguu ni rahisi: unasimama peku, mgongo ukutani, unabana kitabu kigumu katikati ya mapaja, unakivuta juu mpaka kikuguse msambani kama kiti cha baiskeli, unaweka alama ya penseli. Miguu yangu ilikuwa mirefu kuliko nilivyodhani. Ila mguu unakuambia kuhusu urefu wa kiti tu. Ili kujua kama usukani uko mbali mno, lazima ukae juu ya baiskeli, mikono ikiwa kwenye breki, na mtu akutazame kutoka ubavuni. Nilijaribu kuegemea ukuta wa korido, simu nimeisimamisha juu ya jiko la gesi. Ilipiga picha ya kiwiko, kisha ikaanguka. Nilipoinama kuiokota nilijaribu kukumbuka ni lini mtu mwingine aliingia humo ndani. Sikukumbuka.

Mtaa wetu ni mageti matupu. Watu huonana vizuri Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, kila mmoja na jembe lake. Jumamosi hiyo nilikuwa nikizibua mtaro karibu na mama mmoja aliyekulia Bujumbura, mwuza vitenge, ambaye huongea nami kwa Kiswahili. Nilimwomba kabla sijabadili mawazo.

"Mama, ukimaliza naomba uje unishikie baiskeli."

"Iko na mbio inataka kukutoroka?"

Alikuja na jembe begani. Alishika kiti kwa mkono mmoja na simu yangu kwa mwingine, akacheka mpaka picha ya kwanza ikatoka ukungu.

"Weye! Hii kitu huiendeshi, unaiomba msamaha. Iko ya nani?"

"Ya kaka yangu."

"Atarudi lini?"

Nilijifanya natazama picha. Mgongo ulikuwa umevutwa, mabega yamepanda masikioni, mikono imenyooka kama ya mtu anayesukuma gari lililozimika. Nikamkumbuka kaka mezani kwetu Mwanza. Tukisimama tulilingana. Tukikaa, yeye alinipita kichwa kizima. Urefu wake ulikuwa kiwiliwili, wangu ulikuwa miguu, na kwa miaka yote hiyo tuliitwa sawa.

Nilimtumia picha, kisha nikampigia.

"Hainitoshi. Nataka kuibadilisha na yenye fremu fupi."

"Nilikwambia nikirudi niikute."

"Unarudi lini, kaka?"

"Na wewe na maswali yako." Alicheka, halafu akaacha. Nilisikia mlango ukifungwa huko aliko, na mtu akimsemesha kwa Kifaransa. "Badilisha tu, dogo," akasema.

Kule Gatsata, kwenye mtaa wa mafundi, nilimpata mtu mwenye baiskeli ndogo kuliko mwili wake, tukakubaliana kubadilishana. Alipokaa juu ya ile ya kaka, mgongo wake ulilala mrefu, umetulia, sawasawa na wa kaka. Kisha akashuka, akachomoa spana mfukoni, akapandisha kiti. Mdomo wangu ulishafunguka kumkataza.

Jumapili iliyofuata nilipanda mlima ule wa mwisho nikiwa nimekunja viwiko, shingo laini. Nilifika juu nikasimama palepale, kwa mazoea, nikatoa simu. Vidole vyote nilikuwa navisikia. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi, nikakishikilia huku wakimbiaji wakinipita wawili wawili, na sikupata kitu cha kulalamikia. Nikakiachia. Ujumbe ulikwenda hivyo hivyo, una upepo tu.