Kisanduku cha Ngoma cha Babu Hamadi

Kila asubuhi, akishamaliza kusali, Babu Hamadi aliwasha sinte yake halafu hakuigusa. Aliiwasha tu, akakaa mbele yake na kikombe cha chai, akingoja. Sinte ni kinanda cha umeme, na hiyo ya Babu ilikuwa ya zamani sana, ilifika Kindu kwa treni mwaka wa 1984, wakati alipopiga muziki katika orkestra ya mtaa. Alisema vyombo vya namna ile vikiwa baridi vinaimba pembeni ya sauti, lazima vipate moto kwanza. Baada ya nusu saa ilianza kutoa harufu ya vumbi linaloungua. Hapo ndipo alipoweka vidole vyake juu. Vidole nane. Viwili vya mkono wa kuume vilikuwa vimekauka, vimejikunja ndani ya kiganja.

Juu ya sinte kilikaa kisanduku cha ngoma. Ni boksi la mbao lenye vitufe vya midundo, rumba, bolero, valsi, na kifundo kimoja cha kuzungusha: kulia mdundo unakimbia, kushoto unatembea. Watu wa orkestra ya zamani walisema kilikuwa na ugonjwa. Kila baada ya mapigo manane kilikwama kidogo, kama mtu anayemeza mate, halafu kikaendelea. Mimi sikuwahi kukisikia. Babu alisema kilikufa. Lakini hakukitupa.

Kisa cha vidole mtaa mzima ulikijua. Mimi nilikisikia kwa Tantine Espérance, jirani yetu, maana Babu mwenyewe hakukisema. Mwaka wa 2002 waasi walikuwa wameshika mji, na watu wa msituni waliuzunguka. Ukirudi na mihogo kutoka shamba, waasi wanakuuliza: huko msituni umelisha wangapi? Siku moja askari wa waasi waliingia kwa Babu. Bibi yangu alisimama mlangoni, wakampiga na kitako cha bunduki mpaka meno manne yakatoka. Wakabeba sinte, wakabeba kisanduku, wakambeba na Babu. Komanda wao alikuwa anapenda muziki, na kambini alikuwa na jenereta.

Tangu wiki ile, kila asubuhi, watu waliolazwa kifudifudi katika uwanja wa kambi walipigwa na mjeledi wa ngozi ya kiboko huku rumba ikitoka kwenye chumba kimoja ambacho vibao vya dirisha vilikuwa vimefungwa. Pigo moja la mjeledi kwa kila pigo kubwa la ngoma. Aliye ndani ya chumba hakuonekana.

Tantine Espérance alikuwa na miaka kumi. Baba yake, Onema, alikamatwa akirudi kutoka Kailo, upande wa msitu, na mfuko wa mchele. Espérance alimpelekea chakula kambini, akafika wakati wanamlaza. Aliangalia katikati ya mianzi ya ua.

"Nilihesabu mpaka makumi ine, arobaini nzima," aliniambia mara nyingi, akichambua sombe, majani ya muhogo, bila kuinua macho. "Alilia mpaka ishirini na sita. Kisha ile nyama ilikuwa inaruka yenyewe, lakini yeye hakukuwa anasema kitu."

Onema alikufa kabla ya saa sita za mchana. Askari walimrudishia Espérance sufuria yake, wakamwambia: haya, beba na baba yako. Mtoto wa miaka kumi. Alimshika mikono, akamvuta mpaka langoni peke yake, na damu ikamfuata kama kamba.

Juu ya Babu, mtaa ulisema hivi: walimvunja vidole kwa sababu alikataa kuwapigia, wakatafuta mashine nyingine; walipohama, alirudi na vyombo vyake. Babu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kwa hiyo Espérance alimchukua kuwa baba. Kila siku ya Mungu akitoka misa alikuja kumsugua vidole na mawese ya moto na chumvi. "Papa yangu alikufa," alisema, "na Papa Hamadi njo alikatala. Wote wawili ni damu moja." Babu aliangalia ukuta. Nilidhani ni maumivu.

Kaka yangu Yassine ana studio mtaa wa Mikelenge. Ni chumba, kompyuta, spika mbili na sahani za umeme wa jua. Anapenda vyombo vya zamani kuliko wasichana.

"Kompyuta iko na midundo elfu," alinieleza, "lakini yote iko kama maiti wenye wameoshwa. Hizi za zamani zinapumua. Hata zikikosea, zinakosea sawa muntu."

Alikiomba kisanduku mwezi mzima.

"Kilikufa," Babu alisema.

"Nitakifungua, Babu."

"Kiache."

"Sababu gani? Uko unangoja kitage?"

Tulicheka. Nilimwona Babu akitafuta sababu ya kusema na kuikosa. Ijumaa, alipokuwa msikitini, Yassine alikifunga nyuma ya pikipiki akaenda nacho.

Hakikuwa kimekufa. Waya mmoja tu ulikatwa kwa kisu, Yassine akauchomelea kwa dakika tano. Kule kukwama hakukutengeneza. "Njo utamu wenyewe," alisema. Akaweka rumba ile chini ya wimbo wake, na kabla wiki mbili hazijaisha kila pikipiki ya Kindu ilikuwa inapita nayo. Babu hakuuliza kisanduku kiko wapi. Aliacha kutoka nje. Alipousikia wimbo unakuja barabarani, aliingia ndani.

Ilikuwa Jumanne. Tantine Espérance alikuwa anatwanga sombe uwanjani kwake na mimi nilikuwa naanika nguo upande wetu. Pikipiki moja ilisimama mbele ya nyumba na muziki wake. Mchi ukanyamaza. Niliangalia juu ya ukuta. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Mapigo manane, kumeza mate. Mapigo manane, kumeza mate.

"Hii wimbo ni ya nani?" aliuliza mwenye pikipiki.

"Ya Yassine, Mama. Iko moto, eh?"

Akatoka na mchi begani. Nilimfuata nikikimbia, naye alikuwa anatembea tu, mpaka Mikelenge. Aliingia studio, akapiga spika ya kwanza, akapiga ya pili. Yassine aliposimama, akapigwa kichwani. Alianguka juu ya waya zake, damu ikajaa sikio.

"Nani alikupa hii ngoma?"

"Tantine, uko na wazimu?"

"Nani!" Akainua tena.

"Ya Babu! Ni kisanduku cha Babu!"

Mchi ulishuka polepole. Alikiangalia kile kisanduku kidogo juu ya meza, kama mtu anayeonyeshwa nyoka aliyemuuma utotoni.

"Kibebe," alisema. "Tunaenda."

Tulirudi hivyo, yeye mbele, Yassine nyuma na kisanduku kwapani na shati kichwani. Watu walituuliza kuna nini, tukapita.

Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Espérance alisimama mbele yake na, ajabu, alianza kuongea kwa upole.

"Papa Hamadi. Walikichukua tu kwako, si njo vile? Weye ulikuwa umefungwa pengine. Sema vile tu. Nitamuomba uyu mutoto samahani, tutaenda wamushone kichwa, itakwisha."

Sote tulingoja aseme ndiyo. Mimi pia. Neno lilikuwa jepesi, na lingemwachia binti, chakula cha siku ya Mungu, jina lake zuri mtaani. Babu aliangalia damu iliyoshuka shingoni mwa Yassine.

"Hapana, mwanangu. Mukono ulikuwa wangu."

Akaeleza. Askari walikuwa wanakosana katika kuhesabu, mmoja anasema thelathini, mwingine ishirini na tisa, wanaanza upya. Komanda akasema mashine haikosei, haichoki. Akamkalisha ndani, akafunga vibao vya dirisha: "Muzee, weye njo saa yetu."

"Nilifikiri nikizungusha kushoto, muntu atapata pumzi katikati ya fimbo. Nilizungusha kushoto kwa baba yako. Nilimujua kwa sauti. Kisha askari mumoja aliingia akipangusa mujeledi, akanipatia sigara. Akasema, aksanti Muzee, leo umetusaidia. Polepole njo nguvu inapatikana, mukono unatoka mbali."

Espérance aliushika mchi kwa mikono miwili.

"Kesho yake nilizungusha kulia, mbio, wasipate kuinua mukono. Komanda akasikia. Akaweka mukono wangu juu ya meza, akapiga na kitako. Akauliza, uko unachezea saa yangu? Njo vidole vilivunjika. Sikukatala, Espérance. Hata siku moja sikukatala."

"Washa," Espérance alisema.

Yassine alichomeka waya kwenye sinte na kile kisanduku.

"Vile ilikuwa," Espérance alimwambia Babu.

Babu alizungusha kushoto. Rumba ikaanza katika uwanja wetu, polepole, tamu. Kusema kweli ilikuwa tamu.

Pigo la kwanza lilimpata begani. Babu hakuinua mkono kujikinga. Espérance akangoja. La pili mgongoni, akapiga magoti. Akangoja tena. Sikuelewa anangoja nini. La tatu lilipiga mbavu na nikasikia kitu kimevunjika, kama kijiti cha muhogo mkavu. Nilikuwa karibu kuliko wote. Sikusogea. La nne. Babu alitapika damu kidogo kwenye mchanga, na hakumwomba aache.

Yassine alivuta waya.

Muziki ulikatika, na mchi ukabaki juu. Espérance aliinua macho akauangalia mkono wake, umesimama hewani, unangoja. Hapo ndipo nilipoelewa, na yeye akaelewa. Alikuwa anapiga juu ya mdundo. Alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu, akautupa mchi mbali, akaanguka akatapika.

Babu alisimama kwa kushika ukuta. Alikwenda kwenye bidoni ya maji, akasukutua kinywa mara tatu mpaka maji yakawa meupe.

"Babu, tuende hospitali," nilimwambia.

"Mupeleke kaka yako kwanza. Ile ya kichwa haingojee."

Alivaa ndara zake, akampita Espérance kwa mbali kidogo, kama unavyompita mtu aliyelala, akafungua lango la bati. Nilidhani anakwenda kwa mganga wa karibu. Alishika barabara ya Kailo, mkono mmoja kwenye mbavu, katikati ya watoto waliokuwa wanatoka shule. Mmoja alimsalimu, naye akajibu. Tangu siku ile hatujamwona.