Begi Langu la Kila Mwezi

Mwanangu, siku niliyofika Chamazi na begi kwa mara ya tatu naikumbuka vizuri, maana safari hiyo nilibeba na sufuria, ili mume wangu aelewe kwamba kwake Chanika sirudi tena.

Nilikwenda kwa Bi Tatu, somo yangu, mwanamke aliyenifunda nilipovunja ungo. Nilimkuta uani akipepeta mchele.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Leo na sufuria! Amefanya nini?"

Nikamwambia nataka talaka, kwa sababu mume wangu amekula wali bila kunisubiri. Nilipolitamka, kosa lenyewe nililiona dogo, lakini kifuani lilinilemea kama msiba. Nilikuwa silali, nalia kila redio inapotangaza vifo, na naogopa kwamba nachanganyikiwa. Wifi yangu alishatangaza nina shetani. Jumapili wazee wa pande zote mbili wangekaa kuivunja ndoa.

"Wazee wasubiri wiki moja," alisema Bi Tatu. "Mie nimeona jambo. Mara zote mbili ulizokuja na begi, baada ya siku mbili tatu uliniomba pedi."

Nilikasirika. "Kwa hiyo hasira zangu ni hedhi tu?"

"Sijasema 'tu'. Nimesema 'mara zote'."

Siku ya tatu damu ikaja, na kesho yake nikaamka mwepesi, nina njaa. Bi Tatu akanipeleka zahanati. Muuguzi alinieleza kwamba homoni hupanda na kushuka kila mwezi, na kwamba wapo wanawake ambao mabadiliko hayo huwagusa akili na moyo kwa nguvu kuliko wenzao. Si wazimu, si shetani, na matibabu yapo. Akaniagiza niandike hali yangu kila siku kwa miezi mitatu. Nilitoka pale nikilia na kucheka, mwepesi kama niliyetuliwa gunia.

Wiki ilipokwisha wazee walikaa, nikawaambia talaka siitaki tena, wakanywa chai, wakaondoka. Mimi na mume wangu tukabaki tukizungumza. Nikamwambia, kwa kichwa kilichotulia, lililoniumiza kweli: yeye kumwacha dada yake anitukane mbele yake. Alinisikiliza. Lalamiko hilo lilikuwa la haki siku zote, ila siku zile mbaya nilishindwa kulitenganisha na sahani ya wali.

Basi mwanangu, ziandike siku zako. Uamuzi mkubwa usiufanye katika siku zinazokuelemea. Ungoje zipite, kisha uulize tena kama bado unautaka. Ukiona giza linazidi, au unawaza kujidhuru, usingoje kalenda. Mwambie mtu, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Na atakayekunyamazisha kwa kusema "ni homoni zako", mjibu kwamba homoni hazifuti haki.

Mungu akujalie usingizi mzuri na akili tulivu, na akupe mtu wa kukutazama kwa makini bila kukuhukumu. Amina.